Fromaji ya Kupeleka Kigali

Kampala, 11 Mei 2025

Papa,

Nakusalimu wewe na Mama katika jina la Bwana. Goti lako linasemaje wakati huu wa mvua? Mimi ni mzima na ninakula vizuri. Antene ya huko Masisi bado imelala, simu hazipiti, kwa hiyo barua hii nampa Mama Emérita anayerudi Kongo na bidhaa zake kupitia mpaka wa Bunagana.

Papa, nimechaguliwa katika timu ya taifa ya kriketi ya wanawake ya hapa Uganda. Miaka niliyokaa huku imetosha, wamenihesabu mtu wao. Kazi yangu ni kukimbia na kurusha mpira, na mwenye gongo aupige kabla haujaangusha vijiti vitatu vilivyo nyuma yake. Mpira wenyewe ni wa ngozi, mgumu, na mimi ndiye ninayerusha kwa kasi kuliko wote. Mashabiki wananiita “Masisi”. Nikianza kukimbia, wapigaji wanameza mate. Miguu hii niliipata kwenye mteremko wetu, nikifukuza ngedere kwenye mahindi yako. Asanteni sana.

Lakini tulipocheza na Rwanda, mpira wangu ulimpiga msichana aitwaye Uwizeye. Ulipenya kwenye kofia yake ya kinga, ukamvunja mfupa wa shavu. Alitolewa kwa machela. Tangu siku hiyo mkono wangu umekataa. Nakimbia vizuri, ila nikifika pa kuachia naogopa, na mpira unatoka laini. Kocha amesema woga huu usipoisha kabla ya mashindano ya Septemba, nafasi yangu atapewa mwingine. Niombee.

Binti yako, Muhawenimana


Bweremana, mlimani, 1 Juni 2025

Muha binti yangu,

Amani iwe kwako. Goti linauma kila mvua inapokaribia, kwa hiyo mlima mzima unapita kwangu kuuliza hali ya hewa. Mama yako hajambo, yuko kwenye maharagwe.

Barua yako niliisoma kanisani, mwanzo tu, pale pa kuchaguliwa. Watu walifurahi. Jirani yetu Munyakazi akasema, “Sebarenzi, mutoto yako anatupia bantu mupira mugumu na banamupigia makofi? Huku tungemupeleka kwa chefu ya kijiji.” Tulicheka sana. Sehemu ya pili sikuwasomea.

Sasa nijibu. Ulikwenda kwao Uwizeye? Siulizi hospitali wala uwanjani. Kwao, kwa mama yake. Umeumiza mtoto wa watu, ukarudi zako kulala, halafu unashangaa mkono kukataa. Ningekuwa mkono huo ningekataa pia. Namtuma Emérita na kitunga alichosuka Mama yako. Ndani kuna fromaji nzima, hiyo mnayoiita jibini huko, ya maziwa ya ng'ombe wetu. Wengine wangebeba pombe ya ndizi, lakini mimi ni shemasi. Peleka.

Papa yako


Kampala, 22 Juni 2025

Papa mpendwa,

Natumaini mnaamka vizuri wote wawili. Kitunga kimefika na fromaji haikuumia. Mwambie Mama asante.

Lakini huku mambo si hivyo. Huu ni mchezo, mtu akiumia hakuna mwenye kosa. Nilimwandikia Uwizeye kwenye simu, akajibu “Asante”. Kocha anasema inatosha. Wenzangu walipoona fromaji walicheka, wakaniuliza kama ninakwenda kuposa.

Na ukweli, Papa, naogopa. Mama yake akinifungia mlango nitafanya nini, na kitunga mkononi? Fromaji nimeiweka kwenye frigo ya kocha.

Binti yako, Muha


Bweremana, 13 Julai 2025

Muha,

Sisi tuko salama, na wewe uwe hivyo. Naandika mbiombio, Emérita yuko mlangoni na pikipiki inanguruma.

Unalikumbuka jino lako la mbele? Cyusa, mtoto wa Munyakazi, alilivunja kwa jiwe mkifukuza ngedere. Jioni ile Munyakazi alikuja na mke wake na kuku mmoja. Wakakaa, wakala kwetu. Hakuna aliyeuliza nani alikosa. Asubuhi wewe na Cyusa mlikuwa shambani tena, mnatupa mawe pamoja, na hukumwogopa. Kosa liwepo ao lisiwepo, watu wanakwenda, ili watoto waweze kucheza tena.

Mlango ukifungwa, kaa hapo nje na kitunga chako. Wamama hawawezi kukuacha nje muda mrefu. Toa fromaji kwenye frigo.

Papa yako


Kampala, 21 Septemba 2025

Papa wangu,

Goti limetulia? Mama je? Mimi leo ni mzima kabisa, mwili na roho.

Nilikwenda. Nilipanda basi mpaka Kigali, kitunga mapajani, abiria wote wakinusa. Mama yake Uwizeye alifungua, akaniangalia, akakiangalia kitunga, akaniuliza kwa Kinyarwanda nani amenituma. Nikasema, “Papa.” Akasema, “Kumbe una wazazi. Ingia.” Papa, nililia palepale mlangoni.

Uwizeye alitoka chumbani, shavu limepona, limebaki kovu dogo. Tulikula fromaji na chai. Akaniambia, “Nasikia siku hizi unarusha laini. Ukinirushia mimi hivyo, nitajua umenidharau.”

Jana tulikutana uwanjani, mechi ya kujipima kabla ya mashindano. Mpira wa kwanza niliuachia kwa nguvu zote, na mkono haukuuliza kitu. Uwizeye aliupiga ukavuka kamba ya mwisho wa uwanja, watu wakasimama, na mimi nikajikuta nacheka. Baadaye niliviangusha vijiti vyake. Kocha amesema nafasi ni yangu.

Asante, Papa. Nilikuona mshamba, na wewe ndiye uliyenirudishia mkono wangu. Kitunga kinarudi. Mama yake Uwizeye amekataa kirudi kitupu, na amekishona juu kwa kitambaa, sijui ameweka nini.

Binti yako mwenye shukrani, Muha


Bweremana, 12 Oktoba 2025

Binti yangu,

Tunakusalimu kwa furaha. Kitunga kimefika. Ndani kulikuwa na unga wa mtama, na katikati ya unga mpira mweupe wenye mkwaruzo. Mama yake Uwizeye ameandika kwamba ni uleule uliompiga binti yake, akadhani tungependa kuuona.

Mama yako aliupima mkononi, akasema, “Hii iko jiwe.” Akapiga magoti akamshukuru Mungu kwa lile shavu lililopona. Mimi niliwarushia ngedere. Hawakushtuka, na goti langu halijanisamehe.

Nikuambie ukweli, nilikuwa nimepanga kukuomba upunguze nguvu kidogo. Sasa siombi, maana mwenye shavu mwenyewe hataki. Unga tumeula, na kitunga Mama yako ameanza kukijaza maharagwe ya kurudi Kigali. Ukikutana tena na Uwizeye, rusha kwa nguvu zako zote, kisha muulize mama yake ameamkaje.

Papa yako