Usikate Pale Nekesa Anaponyang'anywa Mpira

Mdogo wangu Wafula, salamu za joto la Jeddah.

Jana kwa simu nilikufokea uitume video nzima bila kukueleza sababu. Sikiza sasa. Ile video ndefu ya mechi ya mwanangu Nekesa niliitazama jikoni na mamake madam ninayemfanyia kazi, huku nikikaanga sambusa. Bibi huyo hajui mpira wa kikapu hata kidogo. Mwanangu alipofunga, yeye alitafuna tende tu. Lakini Nekesa aliponyang'anywa mpira, akaanguka, akainuka, akamfukuza aliyemnyang'anya uwanja mzima hadi akaurudisha, bibi aligonga meza: "Yalla, binti, yalla!" Sambusa zikaungua.

Na wewe ukaikata sehemu hiyo kabla ya kumtumia yule kocha wa chuo cha Amerika anayetaka kumchukua, eti inatuaibisha! Wee! Kufunga, kocha ataonyeshwa na kila msichana.

Najua umeshaituma nzima, maana sauti yangu unaijua.

Mbandikie Nekesa kadi hii juu ya kitanda. Siku atakayoanguka huko Amerika, nami sipo, akumbuke kuna bibi Jeddah aliyeacha tende zake kumtazama akiinuka.

Nawapenda nyote wawili, hata wewe na makasi yako.

Dadako, Nafula