Mtilia wa Uani Umechanua

Kaka yangu mpendwa Jernej,

Pokea salamu za kwetu Podgora. Natumaini zinakukuta mzima huko Trst, na goti lako limeacha kukusumbua. Sisi hatujambo. Mama ana kikohozi kidogo, ila chai ya maua inamsaidia.

Sasa kaa kitako. Umechanua! Ule mtilia, mti wetu wa maua ya chai, alioupanda Baba siku ulipokataa kurithi mizinga yake ya nyuki ukaondoka, akaapa kuwa jina lako lisitajwe mezani mpaka mti huo utoe maua. Miaka kumi na sita, kaka!

Mwezi wa sita mitilia ya jirani yote ilichanua, wetu kimya. Jirani yetu Bibi Pavla akapita na kikapu chake kimejaa, akamwambia Baba, "Mti wenu mkaidi kama mwenyewe!" Maua ya wenzetu yakaanikwa darini yakakauka, nami nikakata tamaa.

Jana asubuhi nikasikia nyuki wanavuma uani. Nikatoka peku. Maua tele, yamesimama juu ya majani badala ya kuning'inia! Nikageuza jani: kwenye kona za mishipa, vinyweleo vya rangi ya kutu. Mtilia alioupanda Baba ulikuwa wa majani mapana, wenye vinyweleo vyeupe. Huu ni wa majani madogo, unaochanua wiki mbili baadaye.

Jernej, ni mimi. Masika ya kwanza nilisahau kumfunga mbuzi, akautafuna mche hadi chini. Nikakimbilia msituni, nikang'oa mwingine, nikaufunga kwa utepe uleule mwekundu alioutumia Baba. Ulikuwa bado hauna jani hata moja, ningejuaje ni wa aina gani? Sikumwambia mtu hadi jana.

Nilimweleza Baba, nikijua maua ya mti mwingine hayatatimiza kiapo chake nawe hutarudi. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Majda, mimi mfuga nyuki nisiujue mti? Nilijua majani ya kwanza yalipotoka." Nikamuuliza mbona alinyamaza. Akasema kwamba kama angesema, ingembidi apande mwingine aanze kuhesabu upya, na hakuwa na moyo huo.

Kisha akapanda ngazi na kikapu kuchuma maua. Jioni, mezani, akauliza kama Jernej bado anakunywa chai yake bila asali. Mama alilia.

Nimekutilia kishada kimoja kwenye bahasha. Maua haya hayadumu zaidi ya siku kumi, njoo kabla hayajaanguka. Wasalimie wote nyumbani kwako.

Ni mimi mdogo wako, mchunga mbuzi asiyefaa,
Majda