Sufuria ya Mama Ukutani

Dada Amisa wa Salamabila,

Hapa Kasongo tuko wazima. Mama angali anapika sombe, yale majani ya muhogo, katika kiresitora chake sokoni. Unauliza kama bado nachora picha kwenye kuta za maduka.

Kampuni moja ya simu ilitaka soko zima liwe jekundu, lenye maandishi tu, na kazi nikapewa mimi. Nilikubali upesi, dada. Nilifunika kwa rangi samaki wa duka la Clovis, makasi ya duka la Rosine, hata sufuria ya mama, picha zangu zote. Sasa wateja wanaotoka Nyangwe wasiojua kusoma wanazunguka wee, kisha wanarudi na vikapu vitupu. Clovis hanisalimii tena.

Jana nilikwenda kula kwa mama, milango yote ikafanana, nikapita. Mama akaita nyuma yangu, "Hemedi, unaenda wapi? Mulango iko hapa."

Nikamwambia namutafuta mutu.

Mudogo wako,
Hemedi