Mishale Yote kwa Koti

Jumatatu, 14 Julai
Nimeingiza kwenye laptopu ng'ombe wote wa kijiji chetu, Janga, kabla chai haijapoa. Kila ng'ombe duara, kila uzazi mshale kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Hiyo ndiyo hifadhidata ya grafu. Kidato cha pili kilinishinda, hii haikunishinda. Nimekula bata Muscat, nimelala bandarini Durban, laptopu itanitisha?

Ndama mwingine wa Mama kafa leo. Hata kusimama hakuweza. Dume alituuzia Koti, mfanyabiashara wa ng'ombe wa Maneromango. Nina hakika anazungusha damu moja Pwani nzima, madume wanapanda mabinti zao. Nitamvua nguo mbele za watu.

Jumatano, 16 Julai
Nimekutana na Koti sokoni Kwa Mathias. Kapaza sauti mbele ya wauza matunda: "Shikamoo, profesa wa mavi ya ng'ombe!" Watu hoi. Na mimi nikacheka, utani ulikuwa mzuri. Mshenzi.

Nimerudi nikaiuliza grafu swali moja: nionyeshe kila dume ambaye binti yake amemzalia. Mishale ikatapakaa skrini nzima, zizi hadi zizi Janga yote, na katikati ya utando duara moja: Koti. Huku kwetu dume huitwa kwa jina la aliyemuuza.

Jumamosi wafugaji wanakutana Maneromango. Hatauza hata mbuzi tena. Shati nimeshapiga pasi.

Ijumaa, 18 Julai
Nimemwonyesha Mama utando wangu. Kakodoa macho. "Koti wetu ana baka jeupe usoni. Koti wa mama Zuhura mweusi tii. Umewafanyaje wawe mmoja, mwanangu?"

Nikarudi kwenye laptopu. Mimi mwenyewe niliiambia kompyuta: jina likifanana, ni duara lile lile. Madume wote aliowauza Koti nimewakoroga wakawa mmoja.

Nimewatenganisha, kila dume na jina la mwenye zizi. Nikauliza tena. Utando ukakatika. Ukabaki mzunguko mmoja tu, zizini kwetu. Dume wetu na mitamba aliowazaa mwenyewe. Koti alishasema tubadilishe dume mitamba wakikua. Mama alikataa. Dume yule alichaguliwa na marehemu Baba.

Nina hasira, sina pa kuitupa.

Jumamosi, 19 Julai
Mkutanoni sikwenda. Utando wa kwanza ulikuwepo bado. Ningeuonyesha, nani angejua? Ningefurahi siku moja, ndama wangeendelea kufa. Nimeufuta. Roho imeniuma kama nimezika mtu.

Nimempigia Koti, tubadilishane dume. Kacheka weee. Mwisho kakubali, atamleta Jumanne.

Jumanne, 22 Julai
Koti kaja asubuhi na dume mwekundu. Wa kwetu Mama kamfungulia mwenyewe, kamfuta vumbi usoni kwa kanga. Kasema tu, "Usimfunge kamba fupi, baba. Hajazoea."

Koti akavua kofia. "Sawa, mama."

Namchukia bado, tena sana. Nilisimama njiani nikiwaangalia mpaka kwenye kona. Kamba alikuwa ameilegeza.