Maharagwe Yale Hayakuwa na Wadudu

Mama mpendwa,

Kabla sijauliza habari za mgongo wako, nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Maharagwe uliyotutumia kutoka Kasulu hayakuwa na wadudu. Nilimdanganya dada Evelina. Gunia nilimpa jirani, naye akanipa mchele mweupe. Sasa nakuuliza: mgongo unaendeleaje? Sisi leo ni wazima. Juzi hatukuwa.

Unajua dada alipojifungua mimi ndiye niliyepika, maana shemeji anavua samaki ziwani, huko Magara. Jirani alifunua sufuria akacheka: "Weye mwanafunzi, muzazi unamulisha maharagi kama mufungwa? Mutoto atavimba tumbo." Niliona aibu. Tangu hapo ni wali tu, miezi mitatu. Mchele niliuosha mara nne, na maji ya kuchemshia nikayamwaga. Nilidhani ndiyo heshima.

Wiki iliyopita mtoto alianza kukataa kunyonya. Juzi alilia, Mama, mdomo wazi, machozi yanatoka, sauti hakuna. Tulikimbia naye kituo cha afya. Mganga wa pale alimsikiliza mtoto moyo, akamgeukia dada.

"Unakulaka nini?"

"Wali."

"Na nini?"

"Wali tu. Maharagi iliingia wadudu."

Akasema mwili wa dada umeishiwa vitamini B1, thiamini, kwa hiyo hata maziwa yake hayana, na moyo wa mtoto unachoka. "Mungekuja kesho, mutoto hayuko."

Thiamini nimeiandika kwenye daftari la biolojia kwa kalamu nyekundu: iko kwenye maharagwe, karanga, na ganda la mchele linaloondolewa mashineni, nyingine huenda na maji. Nilipata maksi zote. Sikuwahi kufikiri ukurasa ule unahusu sufuria yangu.

Mtoto alichomwa sindano, dada akapewa vidonge. Saa chache baadaye mtoto alilia mpaka wagonjwa wakageuka.

Msalimie bibi, na baba mdogo anayekulimia shamba.

Barua niliiacha hapo, nikaingia ndani nikamwambia dada ukweli. Nikaenda kwa jirani, nikamweleza, nikaomba maharagwe yaliyobaki. Alinipimia mabakuli manne bila kunitazama. Nikayaloweka, nikayapika kwa mawese, nikampelekea dada. Alikula, akanirudishia bakuli niongeze.

Mwanao,
Klaudina