Jumatano za Kubadilishana Simu

Mama Gesare,

Ni miezi saba tangu tukuzike kando ya nyumba yako hapo Gesima, na bado sijaweza kupita njia ya kwako. Nikiwa na kazi upande huo nazunguka. Nawaambia wenzangu kwamba barabara ya chini ni mbovu. Si mbovu, Mama. Ilishatengenezwa.

Ningekuuliza habari za huko uliko, lakini naogopa utanijibu kwa upole ule ule wako, na upole wako siuwezi tena.

Uliniita mwalimu, mimi niliyezaliwa wakati wewe tayari una watoto wawili. Ati kwa sababu nilikufundisha simu ya mradi wetu wa kuhudumia wagonjwa majumbani. Unakumbuka siku ya kwanza kwenye benchi la zahanati, ulivyokuwa unakibonyeza kioo kwa ukucha mpaka nikakwambia, "Taratibu Mama, hiyo si chawa"? Ulicheka mpaka miwani ikaanguka. Baada ya wiki mbili ulikuwa unaijua simu kuliko vijana. Uliifunga kwenye karatasi ya mkate, halafu kwenye leso, halafu ukaisukuma kifuani, ukapanda mlima katikati ya majani chai kwenda kwa wazee wako wasiotoka kitandani na watoto wako wasioweza kutembea. "Simu hii ina maswali kuliko polisi," ulikuwa ukisema. Lakini uliyajibu yote.

Mimi nilikuwa Nyamira, ofisini, mbele ya kompyuta. Kila boma ulilofika liligeuka kijani kwenye ramani yangu, na nilikipenda kile kijani, sitakuficha. Kila mhudumu alikuwa na maboma yake ndani ya simu yake, na simu ya mwingine haikuweza kuyafungua. Fomu ilijazwa kando ya kitanda cha mgonjwa, na kama ana kidonda, kipigwe picha. Bila picha fomu haikwenda mbele. Ndivyo tulivyoipanga, tukajipongeza kwamba sasa hakuna mtu atakayejaza ziara akiwa jikoni kwake.

Mzee Ombati alikuwa amepooza upande mmoja, na kidonda cha kulalia kilikuwa kimemla nyongani. Picha zake zilitoka kwenye simu yako kila Jumatano, na kila Jumatano kidonda kilikuwa kimepungua kidogo. Hilo sikuliona. Nilichoona ni mkono ulioshika pamba, mkono wenye saa ya plastiki ya rangi ya waridi. Nani Gesima nzima haijui ile saa? Ni ya Mama Dennis, mhudumu mwenzako wa ng'ambo ya mto. Nikafungua ramani. Kila Jumatano asubuhi simu zenu mbili zilikutana kwenye banda la kupimia majani chai, zikakaa pamoja kidogo, halafu yako ikaenda kwa Mzee Ombati na yake ikavuka mto kwenda kwa mzee mmoja kipofu. Mlikuwa mnabadilishana simu. Nikasema, "Nimewakamata." Nilisema kwa sauti, peke yangu ofisini, na nilifurahi.

Sikukupigia. Kwa nini sikukupigia, Mama? Namba yako ilikuwa pale pale mbele yangu. Badala yake niliandika ripoti, nikaiita udanganyifu wa ziara, nikaituma kwa bosi Nairobi. Akanijibu kwamba nina jicho kali. Nilisoma jibu lake mara tatu.

Unaukumbuka mkutano ule, huwezi kuusahau. Ukumbi wa kanisa, wahudumu wote mmeketi, na upande wa dirisha kamati ya kijiji, wanaume watupu, mwana wa Mzee Ombati akiwa katikati yao. Bosi naye alikuwa amekuja, amekaa karibu nami. Nikakusimamisha. Nikakuuliza, "Mama Gesare, ni wewe uliyeosha kidonda hiki?" Kisha nikaigeuza tableti ili watu waione picha.

Uligeuza uso wako ukutani kabla macho hayajafika. Watu wakadhani ni hatia. Ukasema kwa Ekegusii, polepole sana, kwa sauti iliyofika mezani petu tu, maneno machache: "Mwalimu, ile ni nyumba ya baba mkwe."

Mzee Ombati ni ndugu mdogo wa baba wa mume wako. Kwetu huyo ni baba mkwe kamili, hakuna nusu. Mkaza mwana hamvui nguo baba mkwe. Haioni nyonga yake, hata kama inaoza. Hiyo ndiyo chinsoni, ile heshima iliyofungwa pamoja na aibu, na aliyefungwa nayo hawezi hata kujitetea, maana kujitetea ni kuutaja mwili wa mzee mbele ya mwanawe. Kwa hivyo mlitafuta njia. Mama Dennis ameolewa kwa watu wengine, basi yeye amwoshe mzee wa kwako, nawe uvuke umwoshe baba mkwe wake, yule kipofu. Simu ilikuwa haiwezi kuelewa hayo, mkaisaidia kwa kubadilishana. Wazee wawili waliogeshwa, wakageuzwa, wakafungwa vidonda, na hakuna aliyevunjiwa heshima. Mimi na chuo changu nisingewaza kitu kizuri kama hicho.

Na nilielewa, Mama. Hili ndilo nililokuwa nakwepa tangu mstari wa kwanza. Nilielewa pale pale. Mimi nimelelewa Birongo. Babu mzaa baba alipolala kitandani, mama yangu alimpikia uji kila siku, akauweka mlangoni, akaita mtu wa kuuingiza. Nimeyaona hayo kwa macho yangu mwaka mzima. Ulipotamka "baba mkwe" niliyaona yote mpaka mwisho, kabla hujaketi. Bosi, ambaye hajui Ekegusii, akaniinamia akauliza, "Amesema nini?"

Nikamwambia, "Hana jibu."

Sikuwa na haraka, sikuchanganyikiwa. Nilikuwa tu nimesifiwa, na sikutaka kurudisha sifa. Ulitoa simu kifuani, ukaifungua leso, ukaifungua karatasi ya mkate, ukakipangusa kioo na kuiweka mezani. Ukaniambia, "Asante, mwalimu." Sijui ulikuwa unanishukuru nini. Tangu siku hiyo mtu akiniita mwalimu nageuza mazungumzo.

Mama Dennis alipewa onyo, akaacha kuvuka mto. Niliyemweka badala yako alikuwa na maboma mengi, akafika kwa Mzee Ombati mara moja moja, na kidonda kikafunguka upya. Nasikia wewe uliendelea kwenda kila Jumatano bila simu. Ulisimama nje ya dirisha lake ukamuuliza kama amegeuzwa, na kama hajageuzwa ulimwita mwanawe kutoka shambani kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Kanisani wakakwambia upumzike ushemasi kidogo mpaka mambo yaeleweke. Hayakueleweka. Presha ikakuchukua yakiwa hivyo hivyo.

Kwenye mazishi yako nilisoma salamu za mradi. Nilisema ulikuwa mhudumu wa kujitolea, nikakunja karatasi. Mama Dennis alikuwa ameketi mbele, hakunipigia makofi wala hakunitazama. Baadaye Gesare wako alinifuata karibu na lango. Hakunisalimia. Aliuliza, "Mama yangu alikuwa mwongo au hakuwa?" Nikamwambia tutaongea. Mtoto amefiwa na mama yake, ananiuliza swali la kujibiwa kwa neno moja, nami namwambia tutaongea! Hatujaongea mpaka leo.

Sasa sikiliza nilichofanya baada ya hapo, maana aibu yangu haikuishia kaburini kwako. Niliwaomba watu wa kompyuta waongeze kitu kwenye simu. Mhudumu akiwa na boma asiloweza kuingia kwa sababu ya heshima, anabonyeza mahali, boma linahamia kwa mwenzake, na haulizwi sababu. Wamekipenda. Mama Dennis amerudi kwa Mzee Ombati, na mzee anaendelea vizuri, jana alikaa kitini. Bosi anasema nimebuni jambo kubwa, anataka nikalieleze Kisii mjini mbele ya wakubwa wa kaunti. Nimepigiwa makofi mara mbili kwa kitu chako, Mama. Mara zote mbili nilitabasamu.

Juzi nilimtembelea Mama Dennis nikamwambia yote, hata lile la "hana jibu." Nilitegemea anifukuze. Aliendelea kumenya ndizi. Mwishowe akasema, "Mimi umeniambia, sawa. Lakini mimi nilikuwa najua." Nikajua ananituma wapi.

Kwa hivyo nimemwambia bosi kwamba Kisii nitakwenda, lakini nianze Gesima. Jumatatu ijayo tunakutana kwenye ukumbi ule ule. Kamati itakuwepo, wahudumu watakuwepo, na mzee wa kanisa nimemwalika mwenyewe. Nimempigia Gesare pia. Hakuniambia kama atakuja. Ripoti ile ina sahihi yangu, na ninaweza kurudi Birongo kuchuma chai nikiwa sina kazi. Naogopa hilo, sitajifanya shujaa kwako. Lakini nimechoka kuzunguka barabara ya chini.

Sitautaja mwili wa mzee. Hilo nimelifikiria sana, nisije nikakutetea kwa kukuaibisha tena. Nitasema tu kwamba lilikuwa boma la mkwe, na kila Mgusii aliyeketi pale atajua yaliyobaki. Nitasema njia ile ilikuwa yenu wawili. Nitasema hukudanganya hata siku moja.

Lala salama, Mama Gesare. Sikuombi unisamehe kwa barua, hiyo itakuwa rahisi mno. Nakuahidi jambo moja tu. Jumatatu nitayarudia maneno yako kwa Ekegusii kama ulivyoyasema, halafu nitamgeukia bosi, na safari hii nitamtafsiria neno kwa neno.

Kwamboka