Kipoyi Kitupu

Jumatatu, 1 Septemba 2014

Uji umeungua tena. Mama Esta ameunywa bila neno, na hilo ndilo linalonitisha. Tangu nimuoe hajawahi kuninyamazia chakula kibovu.

Kumgeuza asubuhi, kumgeuza mchana. Nyonga ya kulia. Akigusa tu chini kwa mguu ule anauma meno. Hata mlangoni hafiki. Mvua zimeanza, Kashojwa nzima, kijiji chetu hiki cha ukimbizini, iko shambani, na mbegu zetu za maharage bado zinaning'inia juu ya moshi.

Najua ni nini. Yeye pia anajua. Titi lilikatwa kule hospitali ya Mbarara mwaka juzi, tukaimba, tukasema yamekwisha. Jina la ugonjwa halijatajwa humu ndani tangu siku ile.

Jumatano, 3 Septemba

Kliniki ya Base Camp, makao makuu ya kambi, imesema aende Mbarara. Gari la wagonjwa litaondoka kesho. Kutoka hapa hadi Base Camp si mbali kwa mtu mzima wa afya. Kwake ni sawa na kurudi Kongo kwa miguu.

Nimekwenda kwa Byamungu, mkubwa wa wabebaji wa kanisa letu. Akashusha kipoyi kutoka darini, akaanza kukaza kamba. Tulifika nchi hii bila sufuria, lakini kipoyi tulikitengeneza mwaka ule ule wa kwanza. Miti miwili, mkeka katikati, mabega manne. Mtu wa Kivu hafi njiani kwa kukosa mabega.

Alhamisi, 4 Septemba

Wamembeba. Mimi nyuma, beseni kichwani, godoro chini ya kwapa. Mume wa mgonjwa habebi, ndiyo desturi tangu milimani, eti magoti yake hayaaminiki siku hiyo. Nimechukia njia nzima. Magoti yangu hayana ubaya wowote.

Mama Esta alijifunika kitenge usoni. Hakutaka kuonwa.

Tulipofika, Byamungu hakurudi na kipoyi nyumbani. Amekiacha nyuma ya duka la ndugu mmoja hapo Base Camp, kimngoje. Kwetu kipoyi hurudi na mtu wake. Kikirudi kitupu, mtu amebaki huko huko, ardhini. Wanawake wakikiona kitupu hawaulizi. Wanalia.

Jumamosi, 6 Septemba

Mbarara. Mimi ndiye garimaladi, kama tunavyosema sisi: mwenye kupika, kufua na kulala chini ya kitanda cha mgonjwa. Wengine wote wodini ni wanawake. Leo nimefua nguo za ndani za mke wangu mbele yao. Bibi mmoja wa Kinyankole, mwenyeji wa huku, akaninyang'anya sabuni, akanionyesha namna ya kusugua, huku anacheka mpaka anashika mbavu. Mimi, shemasi.

Hakuna aliyekufa kwa aibu. Nguo zimetakata.

Jumanne, 9 Septemba

Niandike polepole, nisikosee.

Kuna daktari mgeni wa mifupa. Yuko hapa kwa juma hili tu. Ameweka picha kwenye taa, nesi akatueleza. Saratani imehamia nyonga. Mfupa umeliwa kwa ndani kama hindi lenye fukusi, nje zima, ndani unga. Siku ukivunjika hatasimama tena.

Hawatampasua nyonga yote. Matundu mawili madogo. Wanatazama kwenye mashine ya picha, wanapitisha skurubu ndefu, halafu wanaingiza saruji kwa sindano. Saruji! Nilidhani nesi ananitania. Kumbe kuna saruji ya mifupa.

Kisha akasema lile jingine. Nalishukuru kwa sababu alilisema akinitazama machoni. "Mzee, mimi hapana danganya wewe. Cancer itabaki. Lakini mama atatembea, na maumivu itapunguka."

Mama Esta aliuliza swali moja tu, kama ataingia kwake kwa miguu yake. Nesi akasema tukijaliwa. Basi akakubali. Mimi nilikuwa bado nafikiria neno "itabaki".

Alhamisi, 11 Septemba

Mashine ya picha imekataa. Bila hiyo hawaoni wanakopita. Daktari anaondoka Jumamosi.

Mama Esta ameshinda na njaa tangu asubuhi akingojea kuitwa. Hakuitwa. Nimemkasirikia fundi wa mashine, nimewakasirikia walionisalimia, nimemkasirikia Mungu. Naandika bila kufuta. Anajua.

Ijumaa, 12 Septemba

Mashine imepona kabla ya mgonjwa wangu. Wamemchukua.

Nimekaa nje na yule bibi wa sabuni. Hatuna lugha moja ya kutosha. Alinimegea ndizi yake, tukala.

Wamemrudisha amelala. Nesi alipogeuka nikafunua shuka. Plasta mbili, hata kiganjani mwangu zingeenea na nafasi ingebaki. Yale matundu mawili nilikuwa nimeshayasahau, nikajua wamejaribu, wameshindwa, wamefunika. Shemeji yangu alipasuliwa tumbo kule Uvira, kovu lake kama tandu, refu mpaka kitovuni. Hiyo ndiyo operesheni ninayoijua. Nililia kwa sauti.

Nesi akaja mbio. "Wewe mzee nalia nini? Kazi imeisha! Imeenda muzuri!" Wodi nzima ikacheka. Kelele zikamwamsha Mama Esta. Akauliza nimepika nini.

Asante, Bwana. Asante kwa huyo fundi niliyemlaani jana.

Jumapili, 14 Septemba

Amesimama.

Jumatano, 17 Septemba

Anatembea na vyuma vya kushikilia, kutoka kitandani hadi dirishani. Kidonda kinauma. Yale maumivu mengine, ya kumuuma kama meno ya mbwa, anasema hayapo. Amelala usiku kucha. Mimi sikulala, nilikuwa namsikiliza anavyokoroma. Nimefurahi kama mjinga.

Ameanza kulalamikia upishi wangu.

Alhamisi, 25 Septemba

Leo tumerudi.

Gari limetushusha Base Camp. Byamungu na wenzake watatu walikuwa wanatungoja, kipoyi kimewekwa mkeka mpya. Mama Esta akakitazama, akaegemea fimbo yake. "Mimi si muzigo ya mihogo," akasema. "Niliondoka kwangu nimefunikwa uso. Nitarudia na miguu." Byamungu alinuna kidogo, maana mkeka ule aliusuka mwenyewe. Halafu akacheka, wakainua miti mabegani.

Tukaenda. Mama Esta ni polepole. Hatua, fimbo, pumzi. Mawingu yalikuwa yanakusanyika, na wabebaji hawajui kutembea polepole, miguu yao imezoea haraka. Wakatangulia. Hakuna aliyefikiri. Hata mimi, ambaye desturi ile naijua kuliko wote.

Tulipokaribia kisima tukasikia sauti moja ya mwanamke. Kisha nyingi. Kilio cha msiba, kile cha kwetu.

Mama Esta alisimama. Akakaza kitenge kiunoni, kama anavyokaza mwanamke anayekwenda msibani kwa jirani. "Ni nani amekufa? Baba Esta, tufanye mbio!" Mbio, na saruji mwilini.

Byamungu akatokea kwenye kona anakimbia, kofia mkononi, hana pumzi. Akamtazama, akatazama chini.

"Ni weye, mama."

Mama Esta akaanza kucheka, akacheka mpaka ikabidi nimshike. Akamaliza njia iliyobaki kwa miguu yake. Uwanja wetu ulikuwa umejaa, wanawake wameketi chini, mke wa mchungaji amejitupa mavumbini. Alipowafikia kilio kilikatika. "Sikufe," akasema. "Munipatie maji ya kunywa."

Sijawahi kusikia vigelegele vile. Hata siku ya harusi yetu.

Baadaye wanawake wakamwingiza ndani kutazama kidonda. Wakatoka wananong'ona. Mmoja akaniuliza kama kweli tulifika hospitali. Nikamjibu hata mimi nililia.

Mchungaji aliomba, akashukuru kwamba ugonjwa umeng'olewa na mizizi yake. Nikainamisha kichwa. Nilikuwa tayari kuliacha lipite, furaha ilikuwa kubwa mno. Mama Esta hakuliacha. Alingoja amina, akawaambia kwamba bado umo. Walichompa Mbarara ni miguu, na kwa miguu hiyo anashukuru. Watu wakatazama chini. Esta wetu, aliyekuja kutoka Rwekubo kwa mume wake na mtoto mgongoni, akaanza kulia upya.

"Basi," Mama Esta akasema. "Mumekwisha kunililia, na mumelia muzuri, nimesikia mwenyewe. Siku yenyewe ikifika, mutaimba tu."

Naogopa siku hiyo. Namshukuru Mungu kwamba si leo. Yote mawili ni kweli.

Jumatatu, 29 Septemba

Nimepanda maharage, nimechelewa lakini nimepanda. Haruhusiwi kuinama wala kuinua kitu. Alisimama kwenye mpaka wa shamba na fimbo, anaelekeza. Mistari yangu imepinda, anasema. Imepinda kweli.

Jumanne, 14 Oktoba

Maharage yameota.

Byamungu alipita mchana na kipoyi. Binti mmoja wa upande wa pili alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu asubuhi, na bega moja lilikosekana, mbebaji mmoja alikuwa amekwenda Rwekubo. Nikavaa viatu. Mama Esta alitusindikiza mpaka kisimani, fimbo mkono mmoja, mkono mwingine umeshika ukingo wa mkeka, anamwambia yule binti apumue. Kisha akabaki amesimama anatutazama.

Amezaa msichana. Tumewarudisha wote wawili. Bega linauma na sitaki lipone haraka.

Uji wa jioni haukuungua. Ameulalamikia hata hivyo.